Sakafu ya garaji Bukavu: epoksi, silikati, hidrofuji, karo au chape mpya?

Garaji nyingi za Bukavu, iwe Muhumba, Nguba, Panzi au juu Kadutu, zimechimbwa kwenye kilima. Ukuta wa nyuma umeegemea udongo, mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na maji yanayoshuka mlimani yanapita chini ya sakafu. Betoni haiyazuii. Inayanyonya polepole, kisha inayatoa juu kama mvuke. Ukiziba uso wake kwa ngozi isiyopitisha hewa, mvuke unasukuma ngozi ile hadi inyanyuke.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za ndoo kwenye kinkayeri, jua kwanza kama sakafu yako ni kavu. Msimamo wetu ni huu: sakafu yenye unyevu inafaa silikati (kimiminika kinachoingia ndani ya betoni na kuigumisha) au karo. Sakafu kavu inaweza kubeba epoksi, ile rangi nzito inayochanganywa na kigumishi chake. Rangi ya mafuta ya kawaida haifai popote kwenye garaji, hata ikiuzwa nusu bei.

Pima wakati wa mvua, paka wakati wa kiangazi

Kata vipande vitatu vya nailoni nene inayoonyesha, kila kimoja sentimita 45 kwa 45. Kimoja kiweke karibu na ukuta wa upande wa mlima, kingine katikati mahali gari linaposimama, cha tatu karibu na mlango. Bandika kingo zote nne kwa utepe mpana, pasibaki hata tundu. Acha saa 16 kwa uchache. Usiku mbili ni bora zaidi.

Ukibandua, angalia upande wa chini. Matone chini ya nailoni, au betoni iliyogeuka nyeusi kuliko ile ya pembeni, maana yake maji yanatoka ardhini. Matone juu ya nailoni si kosa la sakafu, ni umande wa hewani tu.

Jaribio hili lifanyike Novemba au Aprili, mvua ikiwa imekolea. Sakafu iliyoonekana kavu kabisa mwezi wa saba inaweza kusukuma maji mwezi wa kumi na moja, na hapo ndipo epoksi iliyopakwa kiangazi inapoanza kutoa malengelenge. Watu wengi wanalaumu ndoo, kumbe ndoo haina hatia. Kinyume chake, kazi ya kupaka yenyewe inafaa Juni hadi Agosti.

Dalili nyingine isiyohitaji nailoni ni unga mweupe unaorudi kila ukiufagia, hasa kwenye nyufa na mguuni mwa ukuta. Hizo ni chumvi zilizobebwa na maji hadi juu, kisha maji yakakauka yakaziacha.

Kama maji yanaonekana kwa macho, yaani sakafu inalia baada ya kila mvua, hakuna kitu cha kupaka kitakachokusaidia. Shughulikia mlima kwanza. Elekeza maji ya paa mbali na ukuta. Kisha chimba mtaro nyuma ya ukuta, upana wa sentimita 40 hivi, uende chini kidogo ya usawa wa sakafu, uweke bomba la milimita 100 lenye matundu likiwa na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na ulifunike kwa kokoto. Tahadhari moja kubwa: usifukue mguu wa ukuta wote kwa siku moja. Chimba kipande cha mita moja au moja na nusu, weka bomba, jaza, ndipo usogee. Ukuta unaozuia udongo ukinyimwa mguu wake unaweza kuanguka na mchimbaji akiwa ndani ya shimo.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Unyevu wa chini | Mafuta ya injini | Tairi za moto | Ikiharibika |
|---|---|---|---|---|
| Silikati ya soda | haijali | yanaingia polepole | haina tatizo | unarudia tu |
| Hidrofuji (siloksani, dawa ya kufukuza maji) | inapitisha mvuke | kinga ndogo | haina tatizo | unarudia baada ya miaka |
| Rangi ya akriliki | inastahimili kiasi | inalainika kwa petroli | inabanduka | kukwangua |
| Epoksi ya sehemu mbili | inanyanyuka | kinga nzuri sana | nzuri ikishikana vizuri | kusaga kwa mashine |
| Karo za porselini | inavumilia | yanafutika | haina tatizo | kubadilisha karo moja |
| Chape mpya (tabaka jipya la simenti na mchanga) | inavumilia | yanaingia | haina tatizo | kubomoa |

Jedwali halionyeshi kila kitu. Safu ya mwisho, ile ya "Ikiharibika", ndiyo inayopuuzwa kuliko zote wakati wa kununua, na ndiyo inayogharimu kuliko zote baadaye. Epoksi iliyobanduka nusu haipakwi juu yake tena. Lazima isagwe yote.

Epoksi: inapofaa, na inapoharibika

Hakuna ngozi nyingine ya bei ya kawaida inayozuia mafuta, maji ya breki na maji ya betri kama epoksi ya sehemu mbili, yaani rezini na kigumishi chake. Unafuta kwa kitambaa, basi. Lakini inadai betoni kavu, safi na yenye uso mkwaruzo. Ikikosa kimoja kati ya hivyo, inatoka.

Anza na usafi. Doa la mafuta limwagie vumbi la mbao au simenti kavu, liache usiku mzima, fagia. Kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga ukitumia brashi ngumu, suuza, rudia. Ukidhani umemaliza, mwagia matone ya maji mahali pale. Yakienea na kuzama ndani ya dakika chache, betoni iko wazi. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yamo na epoksi haitashika hapo.

Halafu kuna maziwa ya simenti: ule utando laini, dhaifu, unaobaki juu masoni anapolainisha betoni yenye maji mengi. Ukikwangua kwa ufunguo ukatoka unga, ndio huo. Epoksi itashika utando, na utando utaachana na betoni. Uondoe kwa mashine ya disi yenye kikombe cha almasi, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja vumbi na miwani, maana vumbi la betoni lina silika inayoharibu mapafu. Unachotafuta ni uso unaofanana na msasa wa kati ukiupapasa.

Wengine wanatumia asidi ya kloridriki badala ya mashine. Inafanya kazi kwenye betoni isiyo na mafuta, ikichanganywa sehemu moja ya asidi kwa kumi za maji. Asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Shida yake ni mbili: kloridi inayobaki inakula nondo, na maji mengi ya kusuuzia yanalowesha sakafu uliyotaka iwe kavu. Mahali pa kukodi mashine papo, kodi mashine.

Hesabu ya garaji ya mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18: tabaka la kwanza la kufungua njia linakula gramu 250 kwa mita, jumla kilo 4.5. Matabaka mawili ya rangi, gramu 250 kila moja, yanakula kilo 9. Nunua kilo 15, kwa sababu betoni yenye vitundu vingi inakunywa kuliko hesabu. Muuzaji akikwambia kilo 5 zinatosha garaji nzima, anakuuzia ngozi ya karibu sehemu ya tano ya milimita, ambayo kokoto chini ya tairi zitaipasua mapema.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa, na uangalie kama ni kipimo cha uzito au cha ujazo, maana havilingani. Kupima kwa jicho ndiko kunakoacha mabaka yanayonata milele. Koroga dakika tatu, hamishia kwenye ndoo nyingine safi, koroga tena, kwa sababu rezini iliyogandama ukutani mwa ndoo ya kwanza haikukutana na kigumishi. Kisha imwage yote sakafuni kwa mistari na uisambaze kwa rulo. Ikibaki imejaa ndani ya ndoo inajichemsha yenyewe na kuganda ndani ya nusu saa au chini yake, ndoo ikitoa moshi.

Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na jioni zake ni za baridi. Hapo pana mtego. Sakafu lazima iwe na joto la nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kutua. Ukimaliza kupaka jua likizama, umande unaanguka juu ya epoksi mbichi na asubuhi unakuta utando mweupe wenye mafuta-mafuta. Tabaka linalofuata halishiki juu ya utando huo. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa, ndipo uendelee. Bora kupanga kazi iishe mapema alasiri. Usianze asubuhi sana pia: sehemu ya mlangoni inayopigwa na jua inapopata joto, hewa iliyo ndani ya vitundu vya betoni inatanuka na kutoka ikiacha mashimo madogo kama ya sindano.

Tabaka la pili lifuate ndani ya saa 12 hadi 24. Zikipita 48, piga msasa kwanza. Mchanga mkavu ulionyunyiziwa kidogo juu ya tabaka la katikati utakuokoa na utelezi siku ya mvua. Miguu inaweza kupita baada ya siku moja, gari lisubiri siku saba. Tairi iliyotoka safarini ni moto. Inakandamiza ngozi ambayo haijakomaa, inashikana nayo, na ikipoa inasinyaa na kuivuta. Alama nne za matairi zilizobanduka, sehemu nyingine zote zikiwa nzima, ni ushahidi wa haraka, au wa uso ambao haukusagwa.

Silikati: haing'ai, ila haikuangushi

Kama tatizo lako ni vumbi, yaani ukifagia leo kesho kuna unga tena, silikati ya soda ni jibu la bei nafuu. Ni kimiminika kizito kinachofahamika pia kwa watengenezaji wa sabuni. Ndani ya betoni inakutana na chokaa huru iliyobaki kwenye simenti na kuunda madini magumu yanayojaza vitundu. Haiachi ngozi juu, kwa hiyo hakuna cha kunyanyuka. Mvuke unaendelea kupita.

Osha sakafu, toa mafuta, acha maji yaliyotuama yaondoke. Unyevu kidogo haudhuru. Changanya lita moja ya silikati nzito kwa lita tatu au nne za maji. Mchanganyiko wa lita 4 hadi 5 unatosha mita zetu 18 kwa kupaka mara moja. Nyunyiza kwa pampu ya shamba, sambaza kwa brashi ndefu, na uiweke sakafu ikiwa imelowa kwa dakika 20 hadi 30. Inapoanza kuteleza chini ya kiatu, isuuze kwa maji safi na uyasukume nje. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na matokeo yake ni mabaka meupe ya kioo yasiyotoka ila kwa kusugua. Rudia kesho yake.

Ondoa gari kabla ya kuanza. Tone la silikati likikauka kwenye kioo cha gari linakiachia alama ya kudumu, na aluminiamu nayo inaliwa.

Mipaka yake iko wazi. Haibadilishi rangi. Haifungi nyufa. Betoni inayobomoka kwa kidole haina uhai wa kuokolewa, kwa sababu silikati inahitaji simenti ya kutosha ya kufanya nayo kazi. Na mafuta bado yanapenya, ingawa polepole: ukiyafuta siku ileile unashinda, ukiyaacha wiki nzima doa linabaki. Weka chini ya injini sinia la bati la mita 1 kwa 1.2, kingo zimekunjwa sentimita 3, na vumbi la mbao ndani. Fundi wa manjanja analikunja upesi. Silikati pamoja na sinia hilo ndiyo jozi tunayoipendekeza kwa nyumba za zamani za Nguba na Muhumba, ambazo mara nyingi hazina nailoni yoyote chini ya sakafu.

Hidrofuji na rangi nyepesi

Hidrofuji ya siloksani inafaa zaidi sehemu ya mlangoni na njia ya kuingilia, mahali mvua inapopiga kutoka juu. Inafanya maji yasimame kama shanga huku mvuke ukitoka. Lita moja inafunika mita 3 hadi 5. Haiponyi vumbi na haizuii mafuta ipasavyo. Jambo la kukumbuka: baada ya hidrofuji hakuna rangi itakayoshika, na baada ya silikati epoksi inashika vibaya usiposaga. Chagua njia moja kabla ya kufungua kopo lolote.

Rangi ya akriliki ya sakafu ni ya ghala la viti, si ya gari. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi. Betoni yenye unyevu ina alkali kali, na alkali ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya rangi inayageuza sabuni. Hiyo ndiyo sababu sakafu ile ya kijivu iliyopendeza mwezi wa kwanza inanata na kutoka kama ngozi ya ndizi.

Karo

Karo za porselini zinapendwa mjini, na kwa garaji si wazo baya, mradi ziwe za sakafu na zisizong'aa. Zile za ukutani zinapasuka siku ya kwanza. Karo nzuri yenye unene wa milimita 9 au 10 inabeba gari bila shida ikiwa imelaliwa na gundi sehemu zote za chini. Ikipigwa mabonge matano, pembe nne na katikati, ina hewa chini, na tairi likipita juu ya hewa hiyo karo inavunjika.

Kwa hiyo mwambie fundi apake gundi sakafuni kwa mwiko wa meno ya milimita 10, na apake pia mgongo wa karo. Hiyo ni kilo 5 hadi 6 kwa mita, yaani mifuko mitano ya kilo 25 kwa garaji yetu. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya karo, na milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote bila kuijaza simenti, ili sakafu ipate pa kutanukia. Kabla ya kulipa, pita ukigonga kila karo kwa sarafu. Sauti ya mtungi mtupu ina maana karo hiyo itolewe. Gari lisubiri siku saba. Jeki na stendi ya pikipiki vikae juu ya kipande cha ubao, kwa sababu uzito wote unaangukia mahali padogo mno.

Chape mpya

Hii ni ya sakafu iliyokwisha kubomoka. Kwa unene wa sentimita 5 kwenye mita 18 unahitaji karibu mita moja ya ujazo ya mchanganyiko, na kwa kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo ni mifuko saba ya kilo 50. Hakikisha lango bado litafunguka sakafu ikipanda sentimita 5. Weka mteremko wa sentimita 1.5 kwa mita kuelekea nje, kisha kata viungo (mistari ya kuelekeza nyufa) kila mita 3, kina cha robo ya unene, ndani ya saa 24.

Mkatalie masoni anayetaka kunyunyiza simenti kavu juu ili ing'ae. Inang'aa kweli, halafu inatoka kama magamba. Ilowe maji siku saba ikiwa imefunikwa nailoni. Kama utataka epoksi baadaye, subiri siku 28 kwa uchache, na upime upya kwa nailoni.

Goma na Lubumbashi

Goma imejengwa juu ya lava, na lava inameza maji haraka, kwa hiyo unyevu wa chini si tishio kubwa kama Bukavu. Adui wa huko ni mchanga mweusi wenye makali unaoletwa na matairi. Unasaga ngozi nyembamba kama msasa. Epoksi ya Goma iwe nene, na mlangoni pawekwe zulia la mpira la kukung'utia.

Lubumbashi ina kiangazi kirefu na kikavu, kwa hiyo sakafu zake zinafaulu mtihani wa nailoni kwa urahisi, ila upime mvua zikiwa zimeanza. Asubuhi za Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na epoksi nyingi hazikomai chini ya hapo; hadi saa za mchana sakafu yenyewe bado ni baridi kuliko hewa. Agosti mwishoni na Septemba ndio wakati wake, vumbi jekundu likifagiliwa na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kati ya tabaka na tabaka.